Betri ya dipu saiko ni nini, na kwa nini ya gari inakufa ukiipeleka ziwani

Kuna siku tulitoka Igombe, Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi na mota ya umeme, ile ndogo ya kufunga nyuma ya boti ukitaka kurambaza pole pole bila kelele, betri tumeing'oa kwenye Noah ya mshkaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Noah ilipiga stata mara moja tu ikawaka kwahiyo tukasema hii betri nzima kabisa. Saa mbili haijafika pangaboi likaanza kuzunguka kama feni umeme ukiwa mdogo, alafu kimya. Tukarudi kwa kasia moja na mfuniko wa ndoo. Betri tukaichaji usiku kucha, ikarudi kwenye gari, lakini haikuwa ile tena, miezi miwili mbele nikamnunulia mwenzangu betri mpya ya N70 na maneno juu.

Betri haikuwa mbovu, shida ni kwamba ilipewa kazi isiyo yake, na hapo ndo linapoingia hili neno dipu saiko ambalo mafundi wengi huku wanaliita tu betri ya sola. Saiko ni mzunguko mmoja wa kutumia chaji na kuirudisha, na dipu maana yake unaruhusiwa kuishusha chaji kwenda chini sana kisha ukairudisha, tena na tena, mamia ya mara, betri bado inadunda. Ya gari haijatengenezwa kwa hiyo. Ya gari ni njiti ya kibiriti, dipu saiko ni mkaa, sasa wewe unataka kuchemsha maharage kwa njiti.

Ndani ukizipasua (usizipasue, kuna asidi) tofauti kubwa ni pleti. Ya gari ina pleti nyembamba nyingi zimebanana, kwahiyo inaweza kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache injini ishike, baada ya hapo altaneta inarudisha kile kidogo kilichotoka, yani kwa siku nzima betri inatumika asilimia chache tu. Ukiikausha, zile pleti nyembamba zinaanza kumomonyoka, unga unadondoka chini, ukirudia mara kumi na kitu umemaliza betri. Dipu saiko ina pleti nene, haina ule mshtuko wa kupiga stata injini kubwa lakini inatoa kidogo kidogo kwa masaa mengi. Dukani angalia lebo, ya gari inajisifia CCA (ampia za kupiga stata kwenye baridi), ya sola inaandikwa Ah (ampia mara masaa). Na inyanyue pia, maana stika mtu yeyote anaprinti, ila betri ya maji ya 100Ah ya kweli iko kwenye kilo 25 hadi 30, ukiibeba kwa mkono mmoja huku unaongea na simu hiyo jiulize mara mbili.

Sasa hiyo Ah ndo inayowadanganya watu. 100Ah wengi wanaisoma kwamba nikitumia ampia 50 nakaa masaa mawili, hapana, hiyo namba kwa kawaida imepimwa kwa masaa 20, yani ampia 5 tu kwa masaa 20. Ukiinyonya kwa kasi inakupa pungufu, na hili sio jipya, Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza 1897. Juu ya hapo betri ya risasi (yale madini ya ledi, ya gari na hii ya maji zote ni za hivyo) hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu kama unataka ikae, kwahiyo 100Ah yako mfukoni ni 50, na hiyo 50 yenyewe ni kama utaenda taratibu.

Chukua mota ya pauni 55 (hizo pauni ni nguvu ya kusukuma, sio uzito), ikiwa spidi ya mwisho inakula karibu ampia 50. Kwa betri ya 100Ah hiyo ni kama dakika 45 chaji imefika nusu, saa nzima hufiki. Shusha spidi mpaka inakula 12, unapata karibu masaa manne, na boti bado inatembea vizuri tu kwa kurambaza. Maji yana ubishi wa ajabu, spidi kidogo ya mwisho inakula umeme kuliko yote ya mwanzo, kwahiyo anayefungulia mpaka mwisho kwenda kwenye mwamba wake anatumia chaji ya kuvulia kwa safari tu. Kwenda na kurudi tumia injini ya mafuta au makasia, mota ya umeme iwashe ukishafika.

Vijana wa dagaa hesabu yao ni nyepesi zaidi kwa sababu taa za LED hazina njaa. Taa tatu za wati 10 ni kama ampia 2.5, usiku wa masaa 10 ni 25Ah, kwahiyo betri ya 50Ah inatosha na inabaki palepale kwenye nusu. Kwenye karatasi. Mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, unakuta betri hazimalizi mwaka na kila mtu analaumu duka, mimi kwa nilivyoona nalaumu mwezi.

Ni hivi, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inapandishwa, watu wanapumzika siku kumi hivi mpaka giza lirudi. Betri inashuka na chaji yoyote iliyobaki nayo, nusu, robo, inasukumwa chini ya kitanda kambini. Zile siku kumi ndo zinaua. Betri ya risasi ikitumika inatengeneza salfeti kwenye pleti, ukichaji mapema inayeyuka inarudi kwenye asidi, ukiiacha inakuwa kokoto ngumu isiyotoka na kila kokoto ni sehemu ya pleti uliyopoteza. Alafu giza likirudi unasikia betri imegoma.

Kijana mmoja aliniletea ya kwake, "kaka hii imetoka kuchajiwa sasa hivi, iko fulu." Nikaweka mita, volti 12.9, kweli inaonekana fulu na zaidi. Nikamfungia balbu ya taa ya gari ya wati 55, tukakaa tunaangalia, dakika ya nne iko 11.4 na balbu imekuwa ya njano kama yai la kienyeji. Ile 12.9 ilikuwa chaji ya juu juu, povu la soda, chini hamna kitu. Ndo maana ukitaka kupima betri iache itulie masaa kadhaa bila chaja na bila taa, afu soma: 12.7 imejaa, 12.2 uko nusu, geuza boti, ikifika 11.9 umeshaikosea. Hizo ni za betri ya risasi iliyotulia, ukipima mota ikiwa inazunguka utaona chini zaidi usipanik.

Na kuchaji kwenyewe, zile za masaa mawili kwenye kibanda hazijazi. Chaja inasukuma haraka mpaka kama asilimia 80, baada ya hapo betri inaanza kukataa, inapokea kidogo kidogo, hiyo asilimia 20 ya mwisho inaweza kula masaa mengine manne na ndo hiyo hiyo inayofuta salfeti. Chaja ya ampia 10 kwa betri ya 100Ah ni saizi nzuri, ilaze usiku mzima. Paneli ya wati 100 kwenye jua la Mwanza siku nzuri inakurudishia kama 25Ah, yani usiku mmoja wa taa, kwahiyo wa dagaa anatoboa kwa paneli, wa mota ya umeme aliyekula 50 atasubiri siku mbili. Kutegemea injini ya boti ichaji sahau, za hosipawa 15 za kuwasha kwa kuvuta kamba nyingi hazichaji kabisa au zinatoa ampia chache. Maji ongeza ya betri sio ya ziwa, na usivutie sigara hapo inapochemka, ile ni haidrojeni. Wa baharini nyie funga kabisa kwenye boksi lenye mfuniko, maji ya chumvi yakiingia kwenye seli inatoka gesi ya klorini na kwenye boti huna pa kukimbilia.

Lithiamu? Ya 100Ah ni kilo 12 hivi, unaitumia karibu yote, na kukaa nusu haiiumizi, kwahiyo lile tatizo la mbalamwezi halipo kabisa. Bei ndo inauma, na usiichanganye na ya risasi kwenye waya mmoja wala usiipige chaja yoyote tu.

Yule kijana wa balbu ya njano alinunua nyingine. Siku mbalamwezi inaanza anaileta kwangu kwenye bodaboda, naichomeka chaja usiku ule ule, inakaa kwangu hadi giza. Sasa nina betri saba za watu sebuleni na mke wangu ameanza kuuliza kodi.