Mionzi ya galaksi na ile meseji ya kuzima simu

Jamani, ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya hapa Kampala, eti leo usiku saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mionzi kutoka anga za mbali itapita karibu na dunia, zima simu, usilale nayo. Haina tarehe, ni "leo usiku" tu, ndo maana haiishi.

Ukweli, mionzi ya anga inatufikia kila saa, na simu haiivuti. Chukua Fornax A, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) inayotoa mawimbi mengi ya redio, iliyo mbali kama miaka ya nuru milioni 60: ina mawingu mawili makubwa pembeni, humo elektroni, yaani chembe ndogo sana zenye umeme, zinajizungusha kwenye uga wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) zinatoa mawimbi ya redio, zikigonga mwanga hafifu uliojaa angani zinatoa eksirei, wataalamu wanalinganisha hivyo viwili wanajua sumaku ina nguvu kiasi gani. Inapendeza sana! Ila eksirei hizo hazifiki chini, hewa inazizuia, ndo maana darubini za eksirei zinarushwa juu kuizunguka dunia.

Tunachanganyikiwa kwa sababu neno mionzi tunalijua la hospitali. Hiyo meseji ikikufikia angalia kama ina tarehe, usiisambaze tafadhali, na mama aliyezima simu huku ana mgonjwa nyumbani mwambie aiwashe.