Breki za upepo: zinavyofanya kazi, na kwa nini huchoka kwenye mteremko

Breki za upepo ni breki zinazosukumwa na hewa iliyobanwa badala ya mafuta ya breki. Pikapu na matatu ndogo zinatumia mafuta. Lori zito na basi kubwa zinatumia upepo. Anayejiandaa kwa mtihani wa leseni ya Kenya ya daraja C au CE (lori, na lori lenye trela) au D3 (basi kubwa) inabidi aanze kujifunza breki upya.

Injini huendesha kompresa (pampu ya kubana hewa), kompresa hujaza matangi. Ukikanyaga pedali, upepo unaingia kwenye chemba za magurudumu, unasukuma fimbo, na viatu vya breki vinabana drumu kwa ndani. Handbreki inafanya kinyume chake. Chemba za nyuma zina springi kali, na upepo ndio unaoizuia springi hiyo isibane. Upepo ukishuka hadi kati ya psi 45 na 20 (psi ni kipimo cha presha), springi inafunga magurudumu yenyewe. Ndiyo maana lori lililovuja upepo usiku kucha haling'oki asubuhi mpaka geji ipande.

Sasa, lori likishindwa kusimama pale Sachangwan, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru–Eldoret, watu husema limeishiwa upepo. Huenda, lakini geji inaweza kusoma 110 na bado gari likaendelea kushuka. Adui mkubwa ni joto. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, drumu inapata moto, inatanuka na kuviacha viatu nyuma. Fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla haijabana vizuri, na viatu vyenyewe vikiungua vinateleza. Dereva anakanyaga zaidi, joto linazidi.

Firii, yaani kuteremka gia ikiwa nyutro, huongeza balaa. Gari halishikwi tena na injini, breki zinabeba mzigo wote, na kompresa inazunguka polepole kwa sababu injini iko sailensa, inanguruma tu bila kukanyagiwa mafuta. Mwendo ukishapanda, gia ndogo haiingii tena. Na ile hesabu ya madereva kwamba firii inaokoa dizeli ni ya uongo: injini za kisasa hukata mafuta kabisa ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, lakini kwenye firii zinaendelea kunywa.

Kwa hiyo gia ndogo inaingizwa juu, kabla mteremko haujaanza, na ekzosi breki (inayobana moshi wa injini ili injini ilishike gari) inawashwa kama ipo. Chagua mwendo salama, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukifika hapo kanyaga kwa nguvu kiasi, sekunde kama tatu, ushuke hadi 32 hivi, kisha achia kabisa ili drumu zipoe. Rudia. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakopika breki.

Kabla ya kuondoka, kagua upepo. Weka kabari kwenye magurudumu, jaza hadi kompresa ikate (kwa kawaida karibu psi 120, utasikia "pshh"), zima injini, fungua handbreki, utazame geji dakika moja. Kipimo kinachofundishwa Marekani, na kinafaa popote, ni kushuka kusikozidi psi 2 kwa lori lisilo na trela, 3 likiwa na trela. Pedali ikiwa imekanyagwa, 3 bila trela na 4 likiwa nayo. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha pampu pedali: taa au king'ora cha onyo lazima kije kabla upepo haujashuka chini ya 60. Kikichelewa, gari halitoki. Chini ya gari, handbreki ikiwa imefunguliwa, vuta kwa kiganja mkono wa breki ulioshikana na fimbo ya chemba (slaki ajasta). Ukisogea zaidi ya inchi moja, breki ikazwe. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inachafua nguo. Mwaga pia maji ya matangi kila siku, maana hula nafasi ya upepo na kutia valvu kutu.

Kwenye trela kuna mipira miwili ya kupitisha upepo. Mwekundu hupeleka upepo wa kujaza tangi la trela; wa manjano, au bluu kwa malori mengine, hupeleka agizo la pedali. Ukiichanganya, mmoja ukaunganishwa mahali pa mwingine, upepo haufiki kwenye tangi la trela na springi zake hazifunguki. Trela kuukuu isiyo na springi ni hatari zaidi: itakufuata vizuri tu kwenye tambarare, ila breki hazina.