Je, wajua kwa nini gari la kabureta likikaa muda mrefu hugoma kuwaka?

Landrova ya baba mkubwa ilikaa bandani Usa River, nje kidogo ya Arusha, mwaka mmoja na nusu bila kuguswa. Ni Series III, injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.25, yenye kabureta moja ya Zenith, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye silinda. Siku tuliyoamua kuiwasha tulinunua betri mpya na plagi mpya, tukaanza kupiga stata saa tatu asubuhi. Injini ilizunguka vizuri, ila haikushika hata mara moja. Kufika saa tano betri mpya ilikuwa imeanza kuchoka.

Ikabidi aitwe fundi, mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia chini ya magari ya aina hiyo.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Mmeshapiga stata mara ngapi?”

“Tangu asubuhi.”

“Basi iacheni ipumzike. Gari hili haliumwi. Lina kiu.”

Alifungua boneti, akatoa mpira mnene wa hewa, kisha akalegeza skrubu za mfuniko wa kabureta. Ndani ya bakuli lake tulitarajia kukuta petroli. Tulikuta ukoko wa rangi ya kahawia, unang'aa kama asali iliyokauka kwenye sahani, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya mafuta ya kupakia milango. Akachomoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba ya manjano chenye tundu katikati, akakielekeza juani na kuniambia nichungulie. Sikuona mwanga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa swali hilohilo na kila mwenye gari la zamani: kwa nini gari la kisasa unaweza kuliacha miezi sita, ukarudi na likawaka, lakini la kabureta linasusa? Jibu limo kwenye kitundu kimoja ambacho wengi hawajui kama kipo.

Kabureta haitegemei umeme wala pampu ili kuingiza petroli kooni mwake injini ikiwa inanguruma. Ina koo ambalo katikati limebanwa kama kiuno. Pistoni zikishuka huvuta hewa kupitia koo hilo, na hewa ikifika kiunoni inabidi ikimbie zaidi ili ipenye. Hewa inayokimbia hupungukiwa na mgandamizo. Pembeni ya koo kuna bakuli la petroli, na juu ya petroli hiyo hewa ya kawaida inakandamiza kama inavyokandamiza kila kitu duniani. Kwa kuwa mgandamizo kwenye kiuno ni mdogo kuliko ule wa bakulini, petroli inasukumwa kupitia jeti, inaingia kooni na kuchanguka kuwa vitone. Hakuna ufundi mwingine. Nakiri kwamba kila ninapolifikiria jambo hili nastaajabu: gari zima linapanda mlima kwa tofauti ndogo tu ya mgandamizo wa hewa.

Lakini ili hewa ilikandamize bakuli, lazima bakuli liwe wazi. Kwa hiyo kila kabureta ina kitundu cha kupitisha hewa juu ya bakuli. Kitundu hicho ndicho kinacholifanya gari litembee, na gari likilala, hicho hicho ndicho mlango wa petroli kutorokea. Magari ya kisasa hayana bakuli la namna hiyo. Mafuta yao yamefungiwa ndani ya mabomba hadi kwenye nozeli, na pampu ya umeme inayasukuma mara tu unapofungua swichi.

Tena petroli haitoroki yote kwa pamoja. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, yaani kemikali za haidrojeni na kaboni. Nyepesi huchemka kabla ya kufika nyuzi 40 za Selsiasi, nzito husubiri mpaka karibu nyuzi 200. Nyepesi ndizo zinazoondoka mwanzo, na kwa bahati mbaya ndizo tunazozihitaji asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke, si petroli ikiwa majimaji. Kazi ya choki ndiyo hiyo. Ukiivuta inaziba hewa, petroli nyingi zaidi inaingia, na kutokana na wingi huo unapatikana mvuke wa kutosha kushika moto. Injini iliyopata joto inataka kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, lakini ya baridi inataka petroli nyingi zaidi ya hapo. Petroli iliyochacha hata ukiimwaga nyingi haitoi mvuke wa kutosha. Ndiyo maana plagi zinatoka zimelowa chapa na bado gari haliwaki.

Kinachobaki bakulini kinaungana na oksijeni polepole, kinakuwa gundi, kisha gundi inakauka. Jeti kuu ya kabureta kama ile ya kwetu ina tundu la kama milimita moja na robo tu, na ile inayolisha injini ikiwa inanguruma gari likiwa limesimama ni nyembamba zaidi. Tundu dogo hivyo halihitaji uchafu mwingi. Wapo wanaodhani wanalitunza gari kwa kuliwasha dakika tano kila mwezi na kulizima. Mimi naona wanajiumiza bure. Kila wakiwasha wanajaza bakuli upya, linakauka tena, na utando mwingine unalala juu ya ule wa zamani. Afadhali ulitoe barabarani nusu saa nzima, au usiliguse kabisa.

Sasa, tulifanyaje?

Kwanza fundi hakugusa ufunguo. Aliamuru tukamue tangi lote. Ilitoka petroli nyeusi kama chai ya rangi, na chini ya ndoo yakakaa maji na vumbi la kutu. Tukaweka lita kumi mpya. Jeti alizilowesha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha akazipuliza kwa pampu ya upepo. Mdogo wangu alikuja na waya mwembamba ili azibue, fundi akamshika mkono. Shaba ya jeti ni laini, ukiikwangua kwa waya unapanua tundu, na kuanzia hapo gari linakula petroli maisha yake yote bila mtu kujua sababu.

Wakati jeti zimelowa alitoa plagi zote nne, akadondoshea oili kidogo kwenye kila silinda. Gari likikaa, oili huteremka kutoka kwenye kuta za silinda na kuacha chuma kitupu kinachogusana na ringi za pistoni. Ukipiga stata kwa nguvu katika hali hiyo unakwangua chuma kwa chuma. Tulikuwa tumeshafanya kosa hilo asubuhi nzima, na roho iliniuma kuambiwa. Akachukua hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, akaipitisha kwenye tundu la mbele la Landrova, akaizungusha taratibu. “Kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine,” alinionya. Injini ikirudisha ghafla, hendeli huvunja gumba la aliyeikumbatia.

Halafu ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Pampu ya mafuta ya injini hizi haina umeme. Ina kiwambo cha mpira kinachoendeshwa na kemshafti, mhimili wa ndani ya injini wenye vinundu viitwavyo kemu, na kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Stata ikizungusha injini mara 200 kwa dakika, pampu inapiga mara 100 tu, tena kwa kuvuta mafuta kutoka tangini kupitia bomba lililojaa hewa. Kujaza bakuli kavu kwa njia hiyo ni kuiua betri. Waliotengeneza gari walilijua hilo, wakaweka kijiti chini ya pampu cha kupigia kwa mkono. Wengi wanakiona kila siku wasijue kazi yake. Fundi alikishika, akakipiga juu chini. Mwanzoni kilikuwa chepesi, hakifanyi lolote. Akazungusha hendeli mzunguko mmoja, maana kemu ikiwa tayari imekivuta kiwambo chini, kijiti hakina cha kuvuta. Akajaribu tena. Safari hii kilipata uzito, tukasikia petroli ikichuruzika bakulini, na baada ya muda uzito ukakatika: boya la bakulini limepanda, sindano yake imeziba njia ya petroli, bakuli limejaa.

Palepale akatuambia tumulike bomba lote kwa tochi. Kwenye injini hii kabureta imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba la injini la kutolea moshi, na mpira uliokauka na kupasuka unadondosha petroli moja kwa moja kwenye chuma cha moto. Mpira mmoja ulikuwa unatoka jasho. Ulibadilishwa kabla ya jambo lingine lolote.

Hapa niseme jambo linalonikera. Gereji nyingi za kwetu, gari la kabureta likigoma, kijana anapanda juu ya bampa na chupa ya maji yenye petroli, anamimina kooni huku mwenzake anapiga stata. Injini ikipiga chafya kurudi nyuma, moto unatokea kooni kwenda kwenye chupa na mkono ulioishika. Vivyo hivyo kunyonya petroli kwa mdomo kwa mpira ili itoke tangini: tone likiingia mapafuni linaleta nimonia inayoweza kuua. Kijiti cha pampu kipo, na mipira yenye pampu ya mkono inauzwa. Hakuna sababu ya mtu kuungua au kulazwa kwa ajili ya gari.

Umeme haukutuchelewesha. Platini, vile vigusano vya kukatia umeme ndani ya distribyuta inayogawa cheche kwa plagi, zilikuwa zimefanya utando wa kijivu, akazipitishia msasa laini, akaweka plagi moja juu ya chuma cha injini mbali na kabureta, nikapiga stata, cheche ikaruka ya buluu. Kwa mwenye Landrova ya zamani zaidi, za kabla ya 1967, aangalie kwanza kabla ya kubusti, yaani kuwasha kwa betri ya gari lingine: nyingi zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na ukikosea nyaya unachoma vitu.

Plagi zikiwa bado nje, tulizungusha kwa stata sekunde kumi kumi, tukipumzika katikati, hadi taa ya oili ikazimika. Ndipo plagi zikarudishwa, choki ikavutwa mpaka mwisho, banda likafunguliwa milango yote kwa ajili ya moshi. Stata ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatoa moshi wa buluu wa ile oili tuliyodondosha, na baada ya dakika mbili moshi ukaisha. Fundi aliirudisha choki kidogo kidogo huku ameinamisha sikio, kila ngurumo ikianza kuwa nzito anarudisha tena.

Baba mkubwa alitaka kuipeleka barabarani papo hapo. Fundi alikataa, akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na silinda za magurudumu zilikuwa zimeota kutu. Zilichukua siku mbili zaidi.

Siku hizi, tukijua Landrova itakaa, tunachomoa bomba la petroli pale pampuni, tunaliziba, na kuiacha injini ingurume mpaka bakuli linyonywe lote na ijizime yenyewe. Tangi tunalijaza mpaka juu ili lisiwe na nafasi ya unyevu kuotesha kutu, na waya mmoja wa betri tunautoa. Kuanzia mwezi wa nne uliopita ilikaa wiki tisa za mvua. Kijiti cha pampu kilipigwa kama mara ishirini, choki ikavutwa, ikawaka kwa stata ya pili.