Figo ya mama haimalizi dawa

Hapa Bukavu, mutoto akitoka India kupandikizwa figo ya mama yake, batu banasema basi, ni damu moja, mwili haiwezi kuikatala, dawa za kuzuia mwili isiikatale aache. Hapana banduku! Mutoto anachukua kwa mama nusu tu, ingine ni ya baba, na figo inabakia mugeni. Bale babili ba Boston (Amerika) 1954, moja akapatia mwenzake figo, ilibaendea bila dawa juu balikuwa mapasa ba kufanana kabisa.

Kweli, figo ya mutu mwenye angali hai inadumu kupita ya marehemu, miaka 10, 15, wengine 20, lakini inachokaka polepole, mutoto wa miaka 5 anaweza kuhitaji ingine akikomaa. Takrolimusi, moja ya dawa hizo, mara mingi ni asubui na mangaribi, kila siku. Hatari kubwa iko kwa ujana: anajisikia muzima, anaruka dozi, hakuna maumivu, kumbe kreatinini (uchafu wa misuli wenye figo inatosha mu damu) inapanda. (Inapanda kidogo pia juu misuli inaongezeka, njo maana munganga anaangalia urefu wake na vipimo vya zamani, haangalie namba moja.)

Na mama? Figo ilibakia inajikaza, inafanya sehemu kubwa ya kazi ya zote mbili, apimishe tansio, mukojo na kreatinini ya damu kila mwaka.