Wes Montgomery hakuvumbua oktava

Wapenzi wengi wa gitaa huamini kwamba albamu *The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery*, iliyorekodiwa New York mnamo Januari 1960, inakumbukwa kwa sababu ndani yake Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, alivumbua upigaji wa oktava, yaani kuipiga noti moja kwa pamoja katika sauti ya juu na ya chini. Dhana hiyo si sahihi, kwani mpiga gitaa Django Reinhardt alikuwa akizitumia oktava huko Ufaransa miaka mingi kabla ya hapo.

Alichofanya Montgomery, aliyepiga nyuzi kwa kidole gumba, ni kuzifanya oktava kuwa hatua ya pili ya solo nzima. Mara nyingi alianza na noti mojamoja, akahamia kwenye oktava, kisha akafikia kilele kwa kodi nzitonzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hivyo msikilizaji akahisi solo ikipanda ngazi kwa ngazi. Mpangilio huo wa mawazo, kwa maoni yangu, ni mgumu kuigwa kuliko oktava zenyewe, ambazo wapiga gitaa George Benson na Pat Martino walizipokea mapema.

Dhana ya kwamba alivumbua oktava pia humsahaulisha mtu kwamba Montgomery alikuwa mtunzi. “Four on Six”, inayojengwa juu ya mfuatano wa kodi unaokaribiana na ule wa wimbo “Summertime”, na “West Coast Blues”, bluzi yenye mwendo wa mapigo matatu, zote zimo katika albamu hiyo, na wanafunzi wa jazi wangali wakizipiga.