Je, wajua kwa nini hadithi za waokaji mikate hutuliza moyo?

Kuna hadithi ambazo karibu kila kitu hutukia ndani ya duka la mikate: mtu anarithi tanuri kuukuu, anajifunza kukanda unga, wateja wanamzoea, na jambo kubwa kuliko yote ni kama mkate wa leo utaumuka. Wasomaji wengi huzirudia hadithi hizi hasa wanapokuwa wamechoka.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba sababu yake ni njaa, yaani msomaji anavutwa na utamu anaousoma. Nilikosea, na kosa hilo bado limeenea. Msomaji aliyeshiba huzifurahia hadithi hizi vilevile. Kama utamu ndio ungekuwa kivutio, kitabu cha mapishi chenye picha za keki kingetukesha usiku kucha, nacho hakitukeshi. Tena ukizisoma hadithi zenyewe kwa makini utaona kwamba kula huchukua sentensi moja au mbili, ilhali kukanda, kufunika bakuli kwa kitambaa na kungoja huchukua kurasa nzima.

Harufu ina sehemu yake. Mwaka 2006 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba kusoma maneno kama mdalasini na kitunguu saumu huamsha sehemu za ubongo zinazoshughulikia harufu. Hata hivyo, walipima maneno mojamoja, si hadithi, kwa hiyo ushahidi huo hauwezi kubeba jibu lote.

Ninachokiona kuwa kiini ni kungoja. Hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, gesi hiyo hunaswa katika utando wa gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, na donge huvimba kwa mwendo wake lenyewe. Mwokaji hulibonyeza kwa kidole: kishimo kikijaa mara moja, bado, kikirudi polepole na kubakiza alama ndogo, liko tayari, kisiporudi kabisa, limepitiliza. Baada ya hapo tanuri hufungwa. Kwa keki hali ni kali zaidi, kwa maana ukifungua mlango mapema, joto hushuka kabla wanga na protini za mayai hazijakaza, na katikati ya keki hubonyea.

Taharuki hiyo ni ya kweli, lakini hasara yake haizidi bakuli moja la unga. Ni kama mtoto achezaye ufukweni mahali maji yanapomfika magotini: mawimbi humyumbisha, ila hayawezi kumchukua. La ajabu zaidi ni kwamba mlango wa tanuri ukishafungwa, mwokaji hana la kufanya ila kusubiri, na msomaji naye tangu mwanzo hakuwa na uwezo mwingine. Kwa dakika hizo wawili hao wako sawa kabisa, na sidhani kama kazi nyingi huwakutanisha mhusika na msomaji hivyo.

Maelezo haya hayamhusu kila mtu. Anayeamka usiku wa manane kuoka kwa ajira huenda asipate utulivu wowote katika kurasa hizo.

Mkate nao haukai. Wanga wake huanza kujipanga upya mara tu unapopoa, na ndani ya siku moja au mbili huwa mgumu. Ni lazima ugawiwe leo na unga ukandwe tena kesho, ndiyo maana sura inayofuata haihitaji sababu nyingine ya kuanza.