Gari la mstaafu: waliyoniambia madalali wa Mwanza, na nilivyoyakuta

Kiinua mgongo hakina siri. Wiki ileile kilipoingia benki nilikuwa na madalali watatu wa magari kwenye simu, shemeji mmoja aliyegeuka mtaalamu wa injini usiku mmoja, na mwanangu anayenitumia picha za Prado nyeusi kila asubuhi badala ya salamu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Buhongwa, hapa Mwanza. Nilichotaka kilikuwa rahisi kukieleza: gari la juu kidogo, lisilonifilisi, litakalonifikisha Musoma kwa mama mkwe, Bukoba kwa dada yangu, na siku moja Serengeti nikawaone nyumbu ambao nimeishi jirani nao miaka yote bila kuwatia machoni. Nilikosea mara moja kabla ya kupatia, na kosa lenyewe lilitokana na maneno ambayo kila mtu hapa mjini anayasema kwa uhakika kabisa.

"Mama, njia zile bila Prado hufiki"

Tuanze na njia zenyewe. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220, unapita Magu, Lamadi na Bunda, lami mwanzo mwisho. Kwenda Bukoba ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Sengerema, Geita na Chato, nako ni lami. Zamani kilichotuchelewesha upande huo kilikuwa foleni ya kivuko Kigongo, unakaa juani ukinunua mahindi ya kuchoma usiyoyahitaji. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 19, 2025, unavuka ghuba kwa dakika chache. Hata Vitz inafika Bukoba.

Gari la juu linahitajika mwishoni mwa safari: zile kilomita mbili tatu za kuingia kijijini, au udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha, au vilima vya hapahapa Mwanza ambako viwanja vyetu vimebanana na mawe. Kwa hayo, gari lililoinuka sentimita 18 hadi 20 kutoka ardhini linatosha. Hapo wanaingia RAV4, Harrier, X-Trail, Forester, CR-V na Escudo.

Prado silisemi vibaya. Limejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma, na likitunzwa linadumu. Ila Prado ambalo mstaafu analimudu huwa lile la kati ya 2002 na 2009, lililokwisha kuhudumia wenye haraka wengi kabla yako. Unalinunua kwa bei ya gari kuukuu, halafu unalitengeneza kwa bei ya gari kubwa: tairi kubwa, breki kubwa, shokapu kubwa, tangi kubwa. Mwanangu hakulipenda jibu hilo.

"Lina four wheel, halitelezi"

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Four wheel, yaani injini kusukuma magurudumu yote manne, inasaidia gari kuondoka na kujinasua, haisaidii kusimama. Ukikanyaga breki, kila gari linasimama kwa magurudumu manne, liwe na four wheel au lisiwe nayo. Kwenye kona yenye tope, kinachokushika ni tairi na mwendo wako tu.

Halafu si kila RAV4 au X-Trail ina four wheel. Bodi ni moja, lakini mengi yanavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Usisome maandishi ya nyuma. Inama, au mwombe kijana ainame, atazame kama kuna propela shafti, lile bomba la chuma linalozunguka, inayokwenda hadi difu ya nyuma, yale magia ya katikati ya magurudumu. Na kwenye magari mengi ya aina hii magurudumu ya nyuma husaidia pale tu ya mbele yanapoteleza. Escudo iliyoanza kutoka 2005 ni tofauti: inasukuma kote muda wote, na mengi yana gia nzito ya kupandia. Nayo inakunywa mafuta ipasavyo.

Sasa tairi, maana hapa nilijifunza kwa kuogopa. Gari langu la kwanza lilikuja na tairi zenye kashata (meno ya tairi) nzuri, nene, nikazisifu. Karibu na Lamadi moja ikapasuka. Kijana wa pancha akanionyesha ubavuni: tairi za theluji. Magari mengi yanatoka Japan yakiwa bado yamevaa tairi za baridi, zenye mpira laini usiopenda lami yenye joto. Tafuta alama ya kipande cha theluji au neno STUDLESS. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata inaweza kuwa nzima na mpira ukawa umezeeka kama sisi.

"Namba E hiyo, bado jipya"

Herufi ya namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini. Gari la 2006 lililoshuka bandarini Dar es Salaam juzi litavaa namba E, na gari la 2012 lililoingia mapema litavaa namba C au D. Bado watu wanalipa mamilioni zaidi kwa ajili ya herufi. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, kisha hakiki namba ya chesisi kwenye gari lenyewe kama inafanana na ya kwenye kadi. Ukiwa hapohapo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki mtandaoni uone kama lina faini ambazo hazijalipwa, maana deni linafuata gari.

Kilomita za kwenye dashibodi nazo usiziamini kama msahafu. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japan huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi wa kule. Muuzaji akisema kimepotea, tazama pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita elfu 60 halina pedali iliyolika hadi chuma. Nilifanya kazi wodini miaka mingi. Mgonjwa anaweza kukudanganya, ngozi yake haiwezi.

"Agiza mwenyewe Japan, ni nusu ya bei"

Bei unayoiona mtandaoni ni ya gari likiwa mbali. Chukua mfano wa gari la injini inayozidi cc 1,000 lakini haipiti 2,000, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo TRA, Mamlaka ya Mapato, inalithamini, pamoja na usafiri na bima, shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uzee wa gari, ambazo ni kama milioni 4.4. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote, milioni 3 na kidogo. Umekaribia milioni 10 nyingine, na sijaweka tozo ndogondogo, wakala wa bandarini, wala dereva na mafuta ya kulileta Mwanza.

Gari hilohilo likiwa halijafikisha miaka 8 halitozwi ile ya uzee, na kodi zake zinashuka hadi milioni 5 na nusu hivi. Likiwa kati ya miaka 8 na 10, ya uzee ni asilimia 15. Injini ikizidi cc 2,000, ile asilimia 5 inakuwa 10. Ndiyo maana wakati mwingine gari la miaka saba lenye bei kubwa Japan linakaribiana kwa gharama na la miaka kumi na mbili. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni: kitumie kabla hujatuma hata senti, kwa sababu wanatumia thamani yao, si ile ya kwenye risiti yako, na viwango vinaweza kuguswa kila bajeti ya Juni.

"X-Trail ni ugonjwa, Toyota haifi"

Hapa ndipo fedha yangu ilipoungulia, kwa hiyo mnivumilie.

Gari langu la kwanza lilikuwa X-Trail ya 2008. Watu walinionya kwamba gia boksi yake ni CVT na itakufa. Ikafa kweli, baada ya miezi minne, ikilia kama mashine ya kusaga kwenye kilima nikirudi nyumbani. Ila nilipolipeleka kwa fundi wa pili, akachomoa mafuta ya gia, akayanusa, akanitazama kwa huruma. Fundi wa kwanza alikuwa amenimiminia mafuta ya kawaida ya otomatiki. CVT ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na inataka mafuta yake maalumu. Ukiweka mengine mkanda unateleza na kujila. Gari halikuwa na ugonjwa. Tuliliwekea damu isiyo ya kundi lake.

Kinachonichekesha ni kwamba wanaokimbia X-Trail kwa ajili ya CVT wanakwenda kununua RAV4 ile inayoitwa "Miss Tanzania" pamoja na Vanguard ya cc 2,400, na hizo zikitoka Japan zina CVT vilevile. Ile RAV4 ya kabla yake, "Kill Time", ina gia boksi ya kawaida lakini mengi yake yana injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo mafundi wengi hawaipendi. Na X-Trail ya kwanza kabisa, ya kabla ya 2007, haina CVT. Jina la kampuni halikuambii kitu mpaka uulize mwaka, injini na gia boksi.

Injini ya Toyota ya cc 2,400, 2AZ, imeenea sana hapa, na spea zake ziko kila kona. Lakini ina tabia zake: baadhi hula oili, na za kabla ya 2007 hivi zinajulikana kwa bolti za silinda hedi kulegea, maji ya rejeta yakawa yanapungua bila kuonekana yanakokwenda. Forester za zamani zinatumia taiming belti ya kubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Kama huna kumbukumbu yake, badilisha siku unayolinunua. Ikikatika, injini inaweza kwenda nayo.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Dizeli si lazima iwe nafuu: tazama bei elekezi za EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, zinazotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kisha ujiulize utasafiri mara ngapi hadi kufidia nozeli moja ikiharibika. "Injini kubwa ina ada kubwa ya mwaka" ni habari ya zamani. Ada ya leseni ya magari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Oili nzito haiponyi injini kuukuu, weka inayotajwa kwenye kitabu. Na V6, injini ya silinda sita, ya nini, wakati kila kijiji hadi Bunda kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi nyuma ya mwembe?

Jambo ambalo hakuna dalali aliyeniuliza ni magoti yangu. Kila nilipokwenda kuangalia gari walimweleza mume wangu, ambaye hata leseni hana, habari za injini. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, naingia na kutoka. Prado nililipanda kama kitanda cha juu cha bweni. Escudo ilinitikisa mgongo. Harrier ya 2.4, ile ya mwaka 2005, niliketi bila kupanda wala kushuka, na gia boksi yake ni ya kawaida ya gia nne. Nilikwenda na fundi wangu mwenyewe, si wa muuzaji, akalipima kwa kompyuta na kulitazama rejeta likiwa la baridi. Nilibakiza milioni mbili pembeni, zikaingia kwenye tairi nne, bushi, breki na oili mwezi wa kwanza. Kila Jumamosi nachomoa kijiti cha oili kabla ya chai.

Serengeti tuliingia kwa lango la Ndabaka mwezi wa Agosti, kukavu. Wakati wa masika singethubutu, udongo mweusi wa ule upande unameza magari makubwa kuliko langu. Hapo bora kukodi gari pamoja na dereva anayeujua.

Vijana wa mtaani huliita gari hili "tako la nyani", kwa umbo lake la nyuma. Tulipofika Musoma, mama mkwe alilizunguka mara mbili akiligusa kwa fimbo, akauliza linaitwaje. Nikamwambia Harrier. Mjukuu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.